Kitenzi Kimoja Katika Kitabu cha OB

Mhadhara wa umma uliotolewa katika ukumbi wa kijamii wa Kaloleni, Nairobi

Nimeombwa nizungumze juu ya takwimu rasmi za uhalifu wa kutumia nguvu na za hukumu zinazotolewa mahakamani. Nitaanza na jioni moja.

Ilikuwa mwezi wa Julai. Nilishuka matatu pale City Stadium nikaanza kutembea kando ya Barabara ya Jogoo. Vijana wawili wakanijia kwa nyuma. Mmoja akanipiga ngeta, mkono shingoni, ule wa kukata pumzi. Mwenzake akapekua mifuko. Simu ikaenda. Kibeti kikaenda, na ndani yake kitambulisho. Kesho yake nikaenda kituo cha polisi, kituo ambacho sitakitaja. Niseme kweli, sikwenda kutafuta haki. Nilitaka abstrakti, ile karatasi ya polisi ya kwenda kuombea kitambulisho kipya. Afisa wa zamu akafungua kitabu kikubwa cha matukio, hiyo OB tunayoijua sote, akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sikupoteza, nimenyang'anywa. Akaitazama foleni iliyokuwa nyuma yangu, akaniuliza kama niliwaona sura. Nikasema la. Akaandika kwamba mlalamishi ameripoti kupotelewa na simu na kitambulisho. Nikapewa namba ya OB, nikashukuru, nikatoka.

Nilifika nyumbani nikaketi na ile karatasi mkononi kwa muda mrefu. Kupotelewa ni kitenzi kisicho na mkosaji. Mtu hupotelewa na ufunguo; hupotelewa na mwana aliyeshikwa mkono sokoni. Kunyang'anywa kuna watu wawili ndani yake, aliyetenda na aliyetendwa. Afisa yule alichagua kitenzi, na kwa kuchagua kwake wale vijana wawili wakatoweka katika hesabu ya taifa.

Tulitazame tukio lile kwa jicho la sheria. Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mnyang'anyi akiwa na silaha ya hatari, au akiwa pamoja na mwenzake mmoja au zaidi, au akimjeruhi au kumpiga mtu wakati wa kuiba, huo ni wizi wa mabavu, na adhabu yake ni kifo. Sharti moja kati ya hayo matatu linatosha. Walionikaba walikuwa wawili. Afisa mwingine, kwenye meza ile ile, angeweza kuandika wizi kutoka mwilini mwa mtu, kosa la kifungu cha 279, ambalo kikomo chake ni miaka 14 gerezani. Wa tatu angeandika wizi, basi. Tukio ni lile lile, na hesabu zinazowezekana ni nne: wizi wa mabavu, wizi wa mwilini, wizi wa kawaida, na sifuri. Mimi niliingia kwenye sifuri.

Sasa fuateni safari ya hesabu zile zinazoandikwa. Hutoka kituoni zikapanda hadi makao makuu ya polisi, na kutoka huko Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, huzichapisha katika ripoti yake ya kila mwaka ya uchumi, sura ya utawala. Mwaka 2018 polisi waliandikisha makosa 88,268 nchi nzima. Mwaka 2019 yakawa 93,411. Mwaka 2020 yakaporomoka hadi 69,645. Mwaka 2021 yakapanda tena hadi 81,272, na mwaka 2022 yakafika 88,083.

Simameni kidogo kwenye mwaka 2020. Makosa yalipungua kwa robo nzima. Mnakumbuka mwaka ule. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aliyevunjiwa nyumba saa tatu usiku angekwenda kuripoti wapi, na kwa barabara gani, wakati kutoka nje kwenyewe kulikuwa kosa? Mwanamke aliyepigwa na mumewe usiku alikuwa amefungiwa na sheria katika chumba kimoja na aliyempiga. Tarehe 30 Machi, siku tatu tu baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 alikuwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko, huko Huruma, risasi ikampata, akafa. Kufikia mapema Juni mamlaka inayowasimamia polisi, IPOA, ilisema imepokea malalamiko 87 dhidi ya polisi tangu kafyu ianze, na ndani yake vifo 15. Mwaka huo ndio ambao kwa jedwali la taifa ulikuwa mtulivu kuliko yote niliyotaja.

Wapo watakaosema ni kweli uhalifu ulipungua, maana barabara zilikuwa tupu. Nakubali kwamba wizi wa barabarani ulipata pigo. Lakini jedwali halina njia ya kututenganishia kosa ambalo halikutendeka na kosa ambalo halikufika mezani. Yote mawili yanaonekana kama nafasi ile ile tupu. Mtu akisoma jedwali hilo na kusema uhalifu umepungua kwa robo, amesema zaidi ya anachokijua.

Kuna hesabu moja ningependa muifanye pamoja nami. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya 47,564,296. Mkigawanya makosa 93,411 ya mwaka huo kwa idadi hiyo, mtapata takriban makosa 196 kwa kila watu laki moja. Uingereza na Wales, katika mwaka ulioishia Machi 2020, polisi wao waliandikisha karibu makosa milioni 6, na watu wao ni milioni 59 na kitu. Hiyo ni takriban makosa 10,000 kwa kila watu laki moja. Kwa karatasi, basi, sisi ni salama kuwapita Waingereza mara 50. Hakuna mtu katika ukumbi huu anayeamini hivyo, wala Mwingereza haamini. Tofauti kubwa iko kwenye nani anaandika nini. Kule mtu akiibiwa baiskeli, kampuni ya bima humtaka namba ya polisi kabla ya kumlipa, kwa hiyo ana sababu ya kuripoti. Hapa kwetu aliyepigwa panga anaanzia OB, anapewa fomu ya P3, anaipeleka kwa daktari ijazwe, anairudisha kituoni, anaandikisha taarifa yake, anaambiwa arudi kesho kwa afisa mpelelezi. Kila hatua ni siku moja bila kibarua. Wengi humwendea mzee wa mtaa, au chifu, au vijana wa base wanaojua simu zilipouzwa, jambo likaishia hapo. Siwalaumu. Nami ningetafuta njia fupi kama ningekuwa nauza mboga soko la Wakulima na mtoto mgongoni.

Hata hao Waingereza hawaamini vitabu vya polisi wao peke yake. Tangu mwaka 1982 wanao utafiti unaopita nyumba kwa nyumba ukiuliza watu walichotendewa, waliripoti au hawakuripoti. Na mwezi Januari 2014 mamlaka yao inayosimamia takwimu iliziondolea takwimu za makosa yaliyoandikishwa na polisi ile hadhi ya takwimu rasmi za kitaifa, baada ya kuthibitika kwamba uandikishaji hauaminiki. Namba ziliendelea kuchapishwa, lakini msomaji alijulishwa. Nataja habari hii kwa sababu mara nyingi mtu wa huku kwetu Eastlands, mashariki mwa Nairobi, akihoji namba za polisi huambiwa anatetea wakora. Kuhoji namba ni kazi ya kawaida ya raia katika nchi yoyote inayojiheshimu.

Njia ya nyumba kwa nyumba hata sisi tunayo, kwa kiasi fulani. Utafiti wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2022 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49, faraghani, kama wamewahi kutendewa ukatili wa mwili tangu walipotimiza miaka 15. Asilimia 34 walisema ndiyo. Asilimia 13 walisema wamewahi kutendewa ukatili wa kingono. Wanaume nao waliulizwa, na asilimia 27 wakasema wamewahi kupigwa au kuumizwa. Hao ni mamilioni ya watu. Hawakutakiwa kuonyesha namba ya OB. Waliulizwa tu, na mtu aliyekuwa tayari kusikiliza. Ukiliweka jibu hilo kando ya makosa elfu themanini au tisini ya mwaka mzima, ya kila aina, kuanzia mauaji hadi wizi wa ng'ombe, unaona jinsi kitabu cha kituoni kilivyo chembamba.

Nije kwa mauaji, maana watu husema kwamba maiti haifichiki, kwa hiyo hesabu ya mauaji ndiyo ya kuaminika. Nilifikiri hivyo zamani. Lakini fungueni jedwali la polisi mtazame kapu linaloitwa makosa ya uuaji lina nini ndani. Kuna kuua kwa kukusudia. Kuna kuua bila kukusudia. Kuna mama kuua mtoto mchanga, kuna kutoa mimba, kuna kuficha uzazi, kuna kujiua, na kuna kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Dereva wa matatu aliyemgonga mtu Outering yumo kapu moja na jambazi aliyemchoma mtu kisu Mlango Kubwa. Msichana aliyetoa mimba kwa uchungu wake yumo humo humo. Mnaposoma gazetini kwamba uuaji umeongezeka, ulizeni kwanza ni upi.

Kisha wanapenda kutupanga kwa kaunti. Kiambu, Nairobi na Meru hutajwa mara kwa mara kileleni mwa orodha. Kulinganisha jumla bila kugawa kwa watu ni kosa ambalo mwalimu wa darasa la sita angelitilia alama nyekundu. Katika sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073, Kiambu 2,417,735, Meru 1,545,714. Kaunti tatu zikikaribiana kwa jumla ya makosa, wakati moja kati yake ina watu karibu mara tatu ya nyingine, jambo la kuuliza ni kwa nini mtu wa Nairobi anafika kituoni mara chache kuliko wa Meru.

Na Eastlands yetu? Eastlands haimo katika jedwali lolote. Ni jina letu, la mdomoni na la kwenye vibao vya matatu. Nimejumlisha kaunti ndogo za sensa ya 2019: Embakasi 988,808, Njiru 626,482, Kamukunji 268,276, Mathare 206,564 na Makadara 189,536. Jumla ni 2,279,666, bila hata kugusa kipande cha Kasarani. Hiyo ni zaidi ya nusu ya Nairobi yote. Hata hivyo ripoti ya taifa inatupa namba moja ya kaunti nzima, Karen na Korogocho, Runda na Dandora, zikiwa zimechanganywa kama githeri. Mtu akisema Eastlands ndiko kwenye uhalifu, hana jedwali la kumtetea. Nami nikisema siko, sina pia. Kwa hiyo tumeachiwa sifa mbaya, na sifa mbaya haihitaji ushahidi.

Sifa hiyo ina umri. Ukumbi huu na mtaa huu vilijengwa miaka ya 1940, na wazee waliopo watawaambia wenyewe siasa zilizozungumzwa humu. Wakati huo Mwafrika wa Nairobi alitembea na kipande, mtindo uliotokana na sheria ya mwaka 1915, na kukutwa bila kipande kulikuwa kosa. Basi vitabu vya mahakama za kikoloni vilijaa Waafrika waliopatikana na hatia, na aliyevisoma kutoka mbali angeweza kuamini kwamba Pumwani na Shauri Moyo zilikuwa makao ya wahalifu. Tarehe 24 Aprili 1954 askari wa Mwingereza waliizingira Nairobi katika operesheni waliyoiita Anvil. Mitaa hii ya mashariki ikapekuliwa nyumba kwa nyumba, na watu zaidi ya 20,000 wakapelekwa kizuizini bila kesi. Kizuizini hakuna hatia wala hukumu, kwa hiyo tendo kubwa kuliko yote lililowahi kufanyiwa wakazi wa Eastlands halikuacha alama yoyote katika takwimu za hukumu.

Nimelileta jambo hilo kwa sababu linafungua macho kwa upande wa pili wa mada yetu, hukumu. Watu wengi hufikiri kwamba hesabu ya waliopatikana na hatia ni hesabu ya wahalifu. Ni hesabu ya waliokamatwa, wakashtakiwa, kesi yao ikafika mwisho, na mwisho ukawa huo. Mwezi Januari 2017 Jaji Mkuu David Maraga alizindua ripoti ya ukaguzi wa mfumo mzima wa haki ya jinai, uliofanywa kwa niaba ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki. Ukaguzi huo uligundua kwamba maskini ndio wanaokamatwa, kushtakiwa na kufungwa zaidi kuliko wenye uwezo, na kwamba sehemu kubwa ya kukamatwa na kushtakiwa ilihusu mambo kama kufanya biashara bila leseni, ulevi na fujo, na kuvuruga amani. Baina ya mwaka wa kipande na mwaka wa ukaguzi huo imepita karne nzima, na mama anayekaanga mihogo kando ya barabara bado ndiye anayejaza daftari la mahakama.

Hebu nichore mfano. Ni mfano wa ubaoni, namba zake ni zangu za kufundishia. Asubuhi moja mahakama ina faili kumi. Sita ni za ulevi. Wote sita wanakiri kosa kabla ya saa nne, wanatozwa faini, wanapatikana na hatia. Nne ni za wizi wa mabavu. Katika mbili, mlalamishi amechoka kuja mara ya tano kuambiwa kesi imeahirishwa, haonekani tena, upande wa mashtaka unaziondoa chini ya kifungu cha 87(a). Katika ya tatu, shahidi mkuu ameogopa; hakimu anaona mshtakiwa hana kesi ya kujibu, anamwachilia chini ya kifungu cha 210. Ya nne inafika mwisho, mtu anapatikana na hatia. Asilimia ya hatia ni ngapi? Ukihesabu zote, ni saba kwa kumi, asilimia 70. Ukiziacha nje zile mbili zilizoondolewa, kwa kuwa hazikuamuliwa, ni saba kwa nane, asilimia 87 na nusu. Ukiuliza juu ya wizi wa mabavu peke yake, ni moja kwa nne, asilimia 25. Namba zote tatu ni za kweli. Afisa mkubwa akisimama mbele ya kamera atachagua ile ya pili. Mwenye simu iliyoibwa anaishi ndani ya ile ya tatu.

Na hapo sijagusa wale ambao hawakufika hata kwenye faili. Aliyepatikana na hatia mwaka huu huenda alikamatwa miaka mitano iliyopita, kwa hiyo huwezi kuchukua hukumu za mwaka ukazigawa kwa makosa ya mwaka huo huo. Polisi huhesabu makosa. Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huhesabu faili. Mahakama huhesabu kesi. Magereza huhesabu vichwa. Kila mlango una daftari lake, na hakuna namba moja inayoambatana na mtu aliyekabwa Barabara ya Jogoo kutoka OB hadi hukumu. Hilo ndilo jambo ninalotaka mkumbuke kuliko mengine yote niliyosema leo.

Hata hukumu yenyewe si mara zote ni kile kinachoandikwa. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987. Bado mahakama hutoa hukumu ya kifo kwa wizi wa mabavu. Uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 katika kesi ya Muruatetu ulioondoa ulazima wa adhabu ya kifo ulihusu mauaji, na mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba haukuvuka hapo. Mwaka 2009 Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu watu zaidi ya 4,000 waliokuwa wakingoja kitanzi, na Oktoba 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia 2,747, wanaume 2,655 na wanawake 92. Kwa hiyo kijana wa Maringo aliyenyang'anya simu akiwa na mwenzake anaweza kusimama katika takwimu kama mtu wa kunyongwa, na aliyenikaba mimi hayumo popote.

Sasa nitasema jambo gumu, na naomba akina mama waliofiwa waniwie radhi nikilitamka wazi. Katika mitaa yetu kuna vifo vinavyoandikwa kwa kitenzi kisichobishika: mshukiwa aliuawa katika makabiliano. Hakuna hati ya mashtaka, hakuna shahidi aliyeulizwa maswali, hakuna hakimu. Kituo cha Haki ya Kijamii cha Mathare kilichapisha mwaka 2017 ripoti iliyokusanya visa 803 vya watu walioripotiwa kuuawa na polisi nchini kati ya 2013 na 2016. Human Rights Watch, katika taarifa yao ya Julai 2019, waliandika juu ya wanaume na wavulana wasiopungua 21 waliopigwa risasi na kuuawa Mathare na Dandora katika muda wa chini ya mwaka mmoja. Muungano wa Missing Voices ulihesabu visa 104 vya mauaji ya polisi mwaka 2024, na watu 55 waliotoweshwa. Hesabu hizi zimefanywa na raia: vijana wa mtaa, mawakili, akina mama waliokwenda mochari na picha ya mtoto wakiuliza. Serikali yenye kompyuta, bajeti na maafisa wa takwimu katika kila wizara imewaachia kazi hiyo.

Na dawa yake imekaa kabatini. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Korona mwaka 2017. Korona ninayoitaja hapa ni afisa huru wa kuchunguza vifo, msije mkachanganya na ule ugonjwa. Kazi yake ni kuchunguza kila kifo cha ghafla, cha kutatanisha, au kilichotokea mikononi mwa dola, bila kutegemea polisi wamwambie kilichotokea. Sheria hiyo ilitiwa saini. Miaka ikapita bila huduma yenyewe kuundwa, bila ofisi, bila korona. Mpaka hapo itakapoanza kazi, aliyefyatua risasi ataendelea kuwa wa kwanza kuandika sababu ya kifo.

Kwamba kuhesabu vifo vyetu kunawezekana, tumekwisha kuona. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000 kituo cha utafiti cha APHRC kiliandikisha kila kaya Korogocho na Viwandani, kikirudi mara kwa mara kuuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Mtu alipokufa, mhoji aliketi na waliobaki nyumbani akawauliza kwa upole jinsi alivyougua au alivyoumia, kisha madaktari wakasoma majibu na kuamua sababu ya kifo. Kazi hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba majeraha, na hasa yale ya kupigwa na kushambuliwa, ni miongoni mwa vinavyoua zaidi vijana wa kiume katika vijiji hivyo. Hakuna OB iliyowaambia hivyo. Waliambiwa na mama, dada na majirani, mlango kwa mlango, kwenye vichochoro ambavyo tunaambiwa havihesabiki.

Ninachotaka, basi, si kikubwa. Nataka kila kosa lipate namba moja pale OB, na namba hiyo ifuatane nalo hadi kwa mwendesha mashtaka, hadi mahakamani Makadara, hadi gerezani au hadi kuachiliwa, ili mtu yeyote aweze kuona ni wapi lilipokatikia. Polisi wamekwisha kutangaza mpango wa OB ya kidijitali. Kompyuta itakayoandika kupotelewa badala ya kunyang'anywa haitatusaidia. Nataka hesabu zichapishwe kwa kituo: Buruburu peke yake, Kayole peke yake, Pangani, Shauri Moyo, Dandora. Nataka kifo kinachosababishwa na risasi ya polisi kiwe na safu yake katika jedwali la taifa, kama wizi wa mifugo ulivyo na safu yake. Na nataka utafiti wa nyumba kwa nyumba juu ya uhalifu, unaorudiwa kila mwaka, ulio na sampuli ya kutosha kuitenga Eastlands.

Haya hayatakuja kwa kungoja. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi iliyoombwa siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Wakikataa, kuna Tume ya Utawala wa Haki ya kulalamikia. Huhitaji wakili wala pesa ya kuandika barua. Waandikieni wakuu wa vituo vyenu maswali manne. Mwaka uliopita mliandika visa vingapi vya wizi wa mabavu? Vingapi vilifika mahakamani? Ni watu wangapi waliopatikana na hatia kwa visa hivyo? Ni watu wangapi walikufa mikononi mwa maafisa wa kituo hiki, na faili zao ziko wapi?

Mimi barua yangu nimeiandika jana usiku, na nitaipeleka kituo kile kile kilichoniandikia kwamba nilipotelewa. Karatasi na kalamu ziko pale mezani, karibu na mlango. Tafadhali msitoke bila kuandika yenu.